Ngome ya Mtandao wa Nyumbani: Nani Amefungua Geti?

Kinyerezi ni miongoni mwa maeneo ya Dar es Salaam ambako ukuta wa uzio mara nyingi huitangulia nyumba. Familia inapohamia, fundi wa kamera huwa amekwisha kuitwa. Kamera nne hufungwa nje, kinasa picha huwekwa chini ya televisheni, ruta huunganishwa kwa faiba au laini ya simu, na mwenye nyumba huwekewa programu ya kumwezesha kuliona geti lake akiwa kazini Posta. Kijana wa nyumba hiyo, mwenye kupenda kuchezea vifaa, naye huongeza ruta ya pili aliyoinunua Kariakoo pamoja na kompyuta ndogo ya kuhifadhia filamu na picha za familia. Somo hili linahusu ukuta mwingine wa nyumba hiyo, usioonekana kwa macho, ambao unaweza kuwa umetobolewa bila mwenye nyumba kuarifiwa.

Ngome ya mtandao, ambayo baadhi ya mafundi huiita ukuta wa moto, ni programu inayoamua mawasiliano yapi yapite na yapi yazuiwe. Ruta nyingi za nyumbani huja nayo ikiwa tayari inafanya kazi, hivyo si lazima mtumiaji ainunue.

Ngome hiyo hufanya kazi kama mlinzi mwenye daftari. Mtu wa ndani akimtuma bodaboda kuleta mkaa, mlinzi huandika. Bodaboda akirudi hupita, na asiyeandikwa hurudishwa. Vivyo hivyo, simu yako inapoomba ukurasa wa habari, ruta hulikumbuka ombi hilo, na jibu likija hulifikisha kwa simu iliyoomba. Anayebisha hodi kutoka nje bila kuitwa hapati jibu. Hata hivyo, mlinzi huyu ana udhaifu ambao wauzaji hawautaji sana: kwa kawaida hamhoji anayetoka.

Geti hufunguliwa kwa njia mbalimbali. Ya kwanza ni fundi, au kijana wetu, kuingia katika mipangilio ya ruta na kufungua poti, yaani mlango wenye namba, ili kinasa picha kifikiwe kutoka popote duniani. Ya pili ni huduma iitwayo UPnP, ambayo huruhusu kifaa chochote cha ndani kuiomba ruta imfungulie mlango, nayo ruta hukubali bila kumwuliza mtu. Wacheza michezo ya kompyuta huipenda kwa urahisi wake. Sisi tunashauri izimwe.

Njia ya tatu ndiyo iliyoenea zaidi, nayo haigusi mipangilio ya ruta hata kidogo. Kamera nyingi za bei nafuu hupiga hodi zenyewe katika seva za mtengenezaji na kuiacha njia hiyo wazi muda wote. Simu ya mwenye nyumba huipata kamera kupitia seva hizo, kwa kutumia namba ya utambulisho au msimbo wa QR uliobandikwa kwenye kifaa. Kwa kuwa kamera ndiyo iliyotoka, ngome huona kila kitu ni halali. Kinachobaki kati ya sebule yako na mtu aliyekipiga picha kibandiko hicho ni nywila. Na nywila ikiwa bado ni ile ya kiwandani, imechapishwa katika kijitabu cha maelekezo ambacho kila mnunuzi wa kamera kama hiyo anacho.

Madhara yake hayaishii nyumbani mwako. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai ilizunguka dunia ikijaribu orodha ya nywila za kiwandani zipatazo sitini tu, na kwa orodha hiyo fupi iliteka mamia ya maelfu ya kamera, vinasa picha na ruta. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilitumika kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na tovuti kubwa zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa. Afrika nayo iliguswa. Nchini Liberia, kampuni ya simu ya Lonestar ilishambuliwa kwa vifaa vilivyotekwa namna hiyo, na Januari 2019 mahakama ya London ilimhukumu Mwingereza Daniel Kaye kifungo cha miaka 2 na miezi 8 kwa kosa hilo. Wenye kamera zile hawakujua lolote. Labda waliona tu intaneti imekuwa nzito.

Kwa Tanzania kuna jambo la kuzingatia zaidi. Ruta inayotumia laini ya simu imesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa cha mtu fulani. Uchunguzi wa uhalifu uliopitia ruta hiyo utaanzia kwake.

Jipime mwenyewe. Ingia katika ukurasa wa ruta (mara nyingi anwani yake ni 192.168.1.1 au ile iliyoandikwa chini ya kifaa) na utazame anwani ya IP uliyopewa na mtoa huduma. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, unatumia anwani ya umma pamoja na wateja wengine, na hodi za kutoka nje kwa kawaida hazikufikii. Hata hivyo, njia ile ya tatu bado iko wazi. Ikiwa ni anwani ya umma, zima Wi-Fi ya simu yako, tumia bando, kisha uifungue anwani hiyo katika kivinjari. Ukiona ukurasa wa kuingilia wa ruta au wa kinasa picha, basi kila mtu duniani anaweza kuuona. Jaribio hili lifanyike kwa mtandao wako tu. Kuingia katika mfumo wa jirani bila idhini, hata kwa nia ya kujifunza, ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Badili nywila ya ruta na ya kamera, sasisha programu zake, na uhamishie kamera kwenye mtandao wa wageni, ambao ruta nyingi za sasa zinao, ili kamera ikitekwa isiifikie kompyuta yenye nyaraka za familia. Kijana anayetaka kuyafikia mafaili yake akiwa mbali atakuwa salama zaidi kwa kujenga njia ya VPN kuliko kufungua poti. Azingatie tu kwamba tangazo la Mamlaka la Oktoba 2023 liliwataka watumiaji wa VPN kutoa taarifa zao, ikiwemo anwani ya IP.

Kuhusu fundi, tunasema bila kumtuhumu mtu. Ni kawaida kwake kusajili programu ya kamera kwa namba yake mwenyewe ili amalize kazi upesi, kisha akakupa ruhusa ya kutazama tu. Akiondoka, mmiliki wa kamera zako ni yeye, na watoto wakicheza uani anaweza kuwaona akiwa popote. Kabla ya kumalizia malipo, mwombe akabidhi akaunti kuu kwa namba yako, akuoneshe orodha ya watu wote wenye ruhusa na orodha ya poti zilizofunguliwa, kisha ubadili nywila akiwa ameshaondoka. Akisema hilo haliwezekani, kinasa picha kirejeshwe katika hali ya kiwandani na usajili uanze upya mbele yako.

Endapo ruta ni mali ya mtoa huduma na hukupewa nywila ya mipangilio, mwandikie ukimtaka akueleze poti zipi ziko wazi, na uhifadhi nakala ya barua hiyo. Usiporidhika na majibu, wasilisha malalamiko kwa Mamlaka ukiambatisha nakala hiyo. Tukio la kuingiliwa mtandao liripotiwe TZ-CERT, na palipo na jinai, kituo cha polisi kilicho karibu nawe. Usikifute kifaa kabla ya kuripoti, kwa kuwa kumbukumbu zilizomo ndani yake ndizo ushahidi.