Bili ya Maji Ikipanda, Anza na Mita

Bili ya maji ikipanda, wa kwanza kulaumiwa ni watoto: wanaoga mno, wanachezea bomba. Mara nyingi wanaonewa. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20, na mtu anayeoga kwa ndoo na kopo huchukua wiki kadhaa kuzimaliza. Bomba bovu halina usiku wala mchana. Kwa hiyo kabla ya kuwapangia watu zamu za kuoga, tafuta panapovuja.

Mita yenyewe itakuambia. Katika mita nyingi tarakimu nyeusi ni uniti kamili, na nyekundu ni sehemu za uniti. Usiku, kila mtu akishamaliza shughuli zake, funga koki zote na uipige mita picha. Alfajiri, kabla mtu hajagusa maji, piga nyingine. Nyekundu zikiwa zimesogea, kuna maji yanayopotea.

Wenye simtanki juu ya mnara wawe waangalifu, maana tangi ambalo halijajaa litaendelea kupokea maji usiku kucha na mita itazunguka kihalali. Funga kwanza koki ya kuingilia tangini. Mita ikiendelea kuzunguka, bomba limetoboka kati ya mita na tangi, pengine chini ya ardhi. Angalia palipo na unyevunyevu au majani mabichi wakati wa kiangazi. Ikitulia, pima upande wa pili: weka alama ya kina cha maji tangini usiku, ukaangalie asubuhi. Kikiwa kimeshuka, tatizo liko ndani ya nyumba.

Huko ndani mshukiwa mkuu ni choo cha kuvuta. Mpira wa chini ya tangi lake ukichakaa, maji hupenya kidogo kidogo kuingia bakulini, na choo kimoja cha namna hiyo kinaweza kumwaga mamia ya lita kwa siku. Tia matone ya rangi ya keki ndani ya tangi la choo, kisha usivute kwa nusu saa. Rangi ikionekana bakulini, badilisha mpira. Bomba linalodondosha tone moja kila sekunde nalo hupoteza kama ndoo moja ya lita 20 kwa siku. Hapo kwa kawaida kinachotakiwa ni washa mpya tu, ambayo bei yake haifikii hata nauli ya fundi.

Usisahau boya la simtanki. Likikwama, maji hufurika usiku, wakati msukumo wa maji ni mkubwa na watu wamelala. Halafu kuna mgao: mtu anafungua koki, haoni maji, anaondoka bila kuifunga. Maji yakirudi, sakafu inaoga.

Baada ya hapo ndipo tuzungumzie matumizi. Bomba la mvua hutoa takriban lita 10 kwa dakika, hivyo dakika kumi chini yake ni ndoo tano. Maji ya suuzo la mwisho la nguo yanafaa kudekia na kumwagia chooni. Vyombo vioshwe kwenye beseni. Kutawadha kwa birika kunatosha, tena tangu zamani.

Mvua nayo ni ya bure. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji. Bati la mita za mraba 50 likinyeshewa milimita 20 hupokea lita 1,000, ingawa sehemu yake hupotea njiani. Masika na vuli, weka mfereji wa bati na pipa lenye mfuniko, mbu wasizaliane. Maji ya mwanzo yanayosafisha vumbi yaache yapite. Yanayofuata ni ya kufulia na kumwagilia. Ya kunywa ni mpaka uyachemshe au kuyatia dawa.

Wapangaji wanaochangia mita moja, kubalianeni ni nani atakayeisoma kila mwisho wa mwezi, mbele ya wenzake. Na bili yoyote ikija, linganisha usomaji ulioandikwa humo na tarakimu za mita yako. Zikipishana sana, nenda ofisi ya mamlaka ya maji ukiwa na picha za mita, uombe isomwe upya.