Gita Mbili, Nyuzi za Aina Moja

Mutarule, kwenye uwanda wa Ruzizi kaskazini mwa Uvira, vijana wa korali hupiga kilichopo: gita ya seremala, au ile ya bidoni ya mafuta ambayo mtoto amejiundia mwenyewe. Ubishi wa ipi inalia vizuri hauishi, na mara nyingi huamuliwa kiholela. Mmoja anapiga gita yenye nyuzi mpya, mwenzake anajibu kwa gita yenye nyuzi zilizoliwa na kutu tangu Pasaka, kisha wote wanakubaliana kwamba mbao ya kwanza ni bora. Hapo zimeshinda nyuzi.

Anayetaka kulinganisha kwa haki huanzia hapo. Gita zote mbili zifungwe nyuzi za aina moja, unene mmoja, siku moja, kisha zilale usiku kucha, maana nyuzi mpya huendelea kunyooka na kushuka. Nyuzi za dukani zikikosekana, mafundi hufumua waya wa breki ya baiskeli na kutumia kijiwaya kimoja kimoja. Waya huo unalia, lakini ulishazoea kusokotwa, haunyooki sawasawa, na sauti yake huyumba. Mshipi wa nailoni wa wavuvi hutoa sauti laini zaidi, wala si kitu cha kuonea haya: baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Albert Augustine wa New York alitengeneza nyuzi za nailoni, na Andrés Segovia, bingwa wa gita wa Uhispania, akaziacha za utumbo. Kosa ni kupambanisha gita ya mshipi na gita ya waya, kisha kuisifu au kuilaumu mbao.

Sauti zipandishwe hadi kimo kimoja. Programu ya simu inatosha, ile inayoonyesha La ya mitetemo 440 kwa sekunde. Mwimbaji akizoea kushusha gita yake ili imfae kooni, nyuzi hulegea, na sauti nayo hulegea.

Kabla ya utamu kuna usahihi, na hapa mimi sina huruma. Uzi uguswe kidogo tu katikati kabisa ya urefu wake na upigwe. Utatoa sauti nyembamba kama filimbi. Kisha ubanwe kwenye chuma cha 12 cha shingo na upigwe tena. Sauti hizo mbili zinapaswa kuwa moja. Zikipishana, ama kibao kinachoshikilia nyuzi kimewekwa mahali pasipo pake, ama vyuma vya shingo vilipangwa kwa kukisia. Kila chuma hupunguza urefu uliobaki wa uzi kwa takriban asilimia 5.6. Fundi anayenakili vipimo vya gita ya zamani na kuvipachika kwenye shingo ndefu zaidi huharibu mpango mzima. Gita ya namna hiyo inaweza kuwa na sauti moja moja za kupendeza, lakini akodi ikishikwa zinagombana. Mnunuzi airudishe tu.

Ikipita mtihani huo, ndipo masikio yaanze kazi, na macho yapumzike. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walichapisha jaribio la gita sita zilizoundwa na fundi Roger Bucknall, zenye umbo moja, zikitofautiana mbao za mgongo na mbavu tu. Mojawapo ilikuwa ya sapeli, mti unaopatikana katika misitu ya Kongo. Nyingine ya rozwudi ya Brazili, ghali na adimu. Wapiga gita 52 walizipiga kwenye mwanga hafifu wakiwa wamevaa miwani ya welda. Alama walizozipa zilikaribiana sana, na kuzitofautisha kwa kusikia kuliwashinda wengi.

Siri iko kifuani, kwenye ubao wa mbele. Mwaka 1862 fundi Mhispania Antonio de Torres aliunda gita yenye mgongo na mbavu za karatasi ngumu, akaipa kifua cha mbao halisi. Chombo hicho kipo mpaka leo katika Jumba la Makumbusho la Muziki la Barcelona.

Kwa hiyo gita ya seremala ikaguliwe kifuani. Igongwe kwa kifundo cha kidole karibu na kibao cha nyuzi. Kifua kizito hujibu kwa «ko» fupi na kunyamaza. Chepesi hujibu kwa kina, na mlio unabaki kidogo tumboni mwa gita. Kwenye tundu la sauti unene wa ubao unaonekana: gita nzuri huwa na milimita mbili hadi tatu. Mafundi wengi wa kwetu huacha zaidi kwa kuogopa kwamba nyuzi zitabomoa kifua, na hapo ndipo sauti inapozikwa. Tripleksi nyembamba iliyounganishwa vizuri huweza kuishinda mbao nzima iliyoachwa nene.

Sasa ipigwe. Mtu mmoja apige zote mbili, msikilizaji akiwa amegeuka mgongo, na sehemu fupi ile ile irudiwe. Mtindo wa Mwenda Jean-Bosco, mpiga gita wa Kongo ambaye Hugh Tracey, mrekodi wa muziki wa Afrika, alimrekodi Jadotville (Likasi ya leo) mwaka 1952, unafaa mno: dole gumba likishikilia besi na kidole cha shahada kikiimba juu, udhaifu wa upande wowote hujitokeza upesi. Halafu akompa ya rumba, yaani mapigo ya kusindikiza, kisha vipande vya juu vya mi-solo, sehemu iliyo kati ya akompa na solo. Ukali wa sauti usimdanganye mtu. Gita yenye kelele zaidi husikika kama bora kwa dakika za mwanzo. Simu nyingi husawazisha sauti kubwa na ndogo zinaporekodi, basi rekodi itumike kupima rangi ya sauti tu, na nguvu ipimwe kwa kusimama nje ya mlango.

Majira nayo yahesabiwe. Mbao iliyonyonya unyevu wa masika huwa nzito na sauti yake hufifia. Jua kali la uwanda huikausha hadi ipasuke. Gita ya Februari na ya Agosti hazilinganishwi.

Na ile ya bidoni? Bati hukata mlio haraka na besi yake ni haba, lakini kwa akompa ya haraka, ambamo kila pigo linapaswa kukatika safi, nimeisikia ikiipita gita ya mbao iliyokuwa kando yake.