Hewa Inayoishia Njiani

Mtu mzima aliyetulia huvuta hewa ipatayo mililita 500 kwa kila pumzi, na hupumua kama mara 12 kwa dakika. Kwa hiyo lita 6 za hewa huingia mwilini mwake kila dakika. Hesabu hii ni nyepesi, nayo ina mtego.

Damu hupokea oksijeni na kutoa kaboni dioksaidi katika vifuko vidogo sana vilivyo mwishoni mwa matawi ya mapafu. Kabla ya kuvifikia, hewa hupita puani, kooni na katika mirija ambayo kuta zake hazibadilishani gesi na damu. Mililita 150 hivi za kila pumzi huishia humo, kisha hutolewa nje bila ya kutumika. Basi ni mililita 350 tu za hewa mpya zinazofika vifukoni. Kwa dakika nzima ni lita 4.2.

Na achukuliwe sasa mgonjwa ambaye maumivu ya mbavu yanamzuia kuvuta pumzi ndefu. Anahema mara 24 kwa dakika, mililita 250 kila mara. Jumla ni lita 6 zilezile. Lakini mirija haikupungua pamoja na pumzi. Bado inachukua mililita 150 zake. Vifuko vyapata mililita 100 kwa pumzi, yaani lita 2.4 kwa dakika. Jamaa walioketi kando ya kitanda huona kifua kinakwenda mbio wakadhani hewa ni tele, kumbe mgonjwa anapungukiwa.

Darasani, pumzi yaweza kupimwa kwa chupa ya plastiki ya lita 5 iliyotiwa alama, ikajazwa maji na kupinduliwa katika beseni, na mpira ukapitishwa mdomoni mwake. Ndiyo njia ya spirometa ya John Hutchinson, tabibu Mwingereza aliyetangaza mwaka 1846 vipimo vya watu zaidi ya 2,000, akaonyesha kwamba warefu hutoa hewa nyingi zaidi. Kila mwanafunzi apewe kipande chake safi cha kupulizia, na mwenye pumu asishindanishwe.

Hata atakayepuliza kwa nguvu zake zote hatayamaliza mapafu. Kwa mtu mzima hubaki kama lita 1.2, ambazo chupa haiwezi kuzipima. Hewa hiyo husaidia vifuko visinywee, na damu huendelea kuchota oksijeni humo hadi pumzi inayofuata.