Kabla ya Kukwangua Kadi ya Zawadi

Mwaka juzi, siku chache kabla ya Idi, mpwa wangu afanyaye kazi Marekani alimpa msafiri mmoja bahasha aniletee, na bahasha hiyo ikavuka bahari kutoka Nyamisati hadi Kilindoni, hapa kisiwani Mafia, ndani ya mfuko wa shati la mtu ambaye hakujua alichokibeba. Ndani yake mlikuwa na kadi nyembamba ya plastiki, yenye picha ya utepe mwekundu na maandishi ya dola 50, pamoja na kijikaratasi kilichosema kwamba huo ndio mkono wangu wa Idi. Nilifurahi furaha ya mtu aliyekumbukwa na jamaa wa mbali, nikaikwangua papo hapo kwa ncha ya ufunguo, kama tulivyokuwa tukikwangua vocha za simu, nikaanza kuziingiza namba zake katika simu. Na tangu alasiri ile hata isha nilipata jawabu moja tu, kwamba kadi hiyo haikubaliki mahali nilipo.

Tangu siku hiyo, kwa kuwa nilipata kuwa mwalimu na maandishi madogo ya Kiingereza hayanitishi, watu wa hapa kisiwani huniletea kadi zao niwasomee, na kwa kuzisoma kadi za wenzangu nimejifunza mambo ambayo hakuna aliyeniambia nilipoikwangua yangu.

Kadi ya zawadi ni ahadi ya mfanyabiashara mmoja, ambaye fedha yake amekwisha kuipokea, kwamba atakayemletea namba zile atampa bidhaa za thamani ile, katika duka lake, katika nchi aliyoitaja, kwa masharti aliyoyaandika yeye mwenyewe. Ahadi ya namna hii sisi si wageni nayo, maana zile tarakimu 20 za umeme wa LUKU zilizonunuliwa kwa mita ya nyumba ya Kilindoni haziwezi kuwasha taa katika nyumba ya Utende, ijapokuwa nyumba zote mbili ni za mtu mmoja na fedha imelipwa kwa shirika lile lile. Basi kadi ya Amazon ya Marekani haitumiki katika duka la Amazon la Uingereza. Kadi ya Apple yadai akaunti iliyofunguliwa katika nchi ya kadi ile. Na ya Google Play kadhalika, tena mtu hawezi kuigeuza nchi ya akaunti yake ya Google Play zaidi ya mara moja kwa mwaka, ilhali Apple hawamruhusu kuigeuza mpaka amalize kwanza salio alilo nalo. Kwa hiyo anayejaribu kuidanganya kadi kwa kuhamisha akaunti huenda akajikuta amezifungia nje programu zake nyingine alizozinunua.

Nilipolifahamu hilo nilizikumbuka shaba za Kilwa. Huko Kisimani, magharibi mwa kisiwa chetu, zimepatikana sarafu za shaba zenye majina ya masultani wa Kilwa, na hilo si ajabu, maana Mafia ilikuwa katika himaya yao na shaba hizo zilinunua vitu hapa. Lakini mwaka 1944 askari mmoja aliokota sarafu kama hizo, 5 kwa idadi, katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, nazo zikakaa miaka mingi kabla ya kutambuliwa ni za nani. Shaba ilikuwa ile ile na jina la sultani lilikuwa lile lile, walakini ufuoni kule hapakuwa na mtu wa kumpa mwenye nazo hata kibaba cha nafaka. Kadi yangu ya dola 50 ilikuwa shaba ya Kilwa katika ufuo wa Wessel.

Ziko kadi za namna nyingine, zenye alama ya Visa au Mastercard, ambazo hudhaniwa kuwa zafaa popote ilipo alama hiyo. Kijana mmoja anayewachukua wageni kwenda kuwaona papa potwe alipewa kadi kama hiyo na mgeni wake siku ya kuagana, naye mgeni alikusudia wema mtupu. Tuliigeuza nyuma, na kwa herufi ambazo kijana huyo, kwa macho yake mazuri, alizisoma kwa shida, pameandikwa kwamba haitumiki nje ya Marekani. Zilizo nyingi katika kadi za Visa za zawadi zinazouzwa katika maduka ya Marekani zina sharti hilo, na hata isiyo nalo huweza kukataliwa mtandaoni ikiwa haijasajiliwa kwa anwani ya mtaa na namba ya posta ya huko. Kwa sababu hiyo mimi huanza siku zote na upande wa nyuma: nchi gani, fedha gani, mwisho lini, makato gani. Sheria ya Marekani ya mwaka 2009 yawalinda wanunuzi wa huko kwa insafu fulani, maana fedha iliyomo haiwezi kufa kabla ya miaka 5, na makato ya kadi iliyolala hayaanzi mpaka ipite miezi 12 bila kutumika. Lakini usidhani kwamba ulinzi huo umeandikwa katika kadi za kila nchi.

Hayo ni hasara ya usumbufu tu. Ipo hasara nyingine iliyonifanya nikae kuandika, nayo ni ile iletwayo na mtu anayekuomba kadi.

Kijana wa kijiji kimoja cha kusini mwa kisiwa, anayeishi kwa kuuza pweza, alifahamiana katika Facebook na mtu aliyejiita binti wa Ulaya. Wakazungumza miezi; akaahidiwa mzigo wenye simu, nguo na saa; kisha akaambiwa kwamba mzigo umezuiliwa forodhani, na kwamba ushuru wake hulipwa kwa kadi ya Apple ya dola 100. Yeye hakuwa na njia ya kuinunua, akaelekezwa kwa dalali wa WhatsApp, akampa fedha ya pweza wa bamvua mbili nzima, akapokea picha ya kadi, akaituma kama alivyoagizwa. Alipokuja kwangu alitaka nimsaidie kupata kadi ya pili, maana ya kwanza aliambiwa haikutosha. Nilimkalisha, nikamweleza, naye hakuniamini siku ile. Aliniamini wiki ya pili yake, akaunti ya yule binti ilipotoweka. Ninamheshimu kijana huyo, na sipendi mtu yeyote amcheke, kwa maana alidanganywa na watu ambao kazi yao ya mchana na usiku ni kudanganya.

Sababu ya wezi kuipenda kadi kuliko fedha ni dhahiri. Fedha ya simu ina jina la mpokeaji na namba iliyosajiliwa kwa alama za vidole, lakini namba za kadi hazina jina, huvuka bahari kwa picha moja, na zikishatumika hazirudi. Hata Marekani kwenyewe, penye sheria na mahakama, tume yao ya biashara ilipokea kwa mwaka 2023 malalamiko ya kadi hizi yenye jumla ya dola milioni 217. Basi shika neno hili kama ushikavyo kamba ya nanga: hakuna forodha, benki, polisi, ubalozi, mwajiri wala mamlaka ya kodi inayopokea malipo kwa kadi ya zawadi. Ushuru wa serikali yetu hulipwa kwa kumbukumbu namba, na anayekutajia njia nyingine kwa haraka, akikusihi usimwambie mtu, huyo amekwisha kujieleza.

Na dalali je? Yupo anayeuza kadi ya dola 100 kwa bei ya nusu, na watu huniuliza kama si nafuu. Nafuu hiyo hutoka mahali. Ama kadi imenunuliwa kwa fedha ya wizi na itafungwa ukiwa nayo mkononi. Ama imekwisha kutumika. Ama ni nzima, lakini muuzaji anazo namba zile zile nawe unazo, na atakayeziingiza wa kwanza ndiye mwenye mali. Mimi sinunui namba kwa mtu nisiyemjua kwa bei yoyote, na sijaona aliyenishawishi vinginevyo.

Ukiwa ng'ambo, au ukiwa na jamaa huko anayekununulia, mambo ya dukani ni machache. Kadi iliyoning'inia ukutani haina kitu mpaka karani aihuishe, kwa hiyo risiti ndiyo shahidi wako, na kadi isiyo na risiti ikikataa huna wa kumdai. Tazama kama karatasi ya kufunika namba imechezewa, kwani wako wanaozifungua dukani, wakanakili namba, wakazirudisha, wakangoja anunue mwingine. Kadi ya duka moja itumie upesi, kwa sababu duka nalo hufa: Uchumi walifunga matawi yao ya Tanzania mwaka 2015, na Nakumatt, waliokuwa wakubwa kuliko wote Kenya, waliwekwa chini ya msimamizi mwanzoni mwa mwaka 2018 wasisimame tena. Mwenye kadi ya duka lililofilisika husimama katika safu ya wadai, nyuma ya mabenki.

Ukikwisha kudanganywa, usikae na aibu nyumbani. Iarifu kampuni ya kadi saa ile ile, ukiwa na risiti na namba, maana mara chache salio huwa bado halijaguswa. Namba ya simu ya tapeli itume kwa 15040, ambako mamlaka ya mawasiliano hupokea taarifa hizo. Na polisi wapelekee mazungumzo yote bila kuyafuta, kwa kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 yahusu jambo hilo hasa.

Kadi yangu niliiokoa kwa njia moja iliyo salama: nilimrudishia namba mpwa wangu, aliyeinunua kwa mkono wake, akanunulia vitu vya nyumba yake huko, akanitumia thamani yake kwa simu. Ya yule kijana wa papa potwe ilipita njia hiyo hiyo, kwa mgeni aliyempa. Nje ya mnunuzi mwenyewe, namba hizo sizisomi kwa mtu yeyote. Na akitaka mtu wa hapa kununua kitabu au programu ng'ambo, naona bora afungue kadi ya mtandaoni ya M-Pesa, kwa *150*00#, aweke kiasi cha kitu anachokinunua tu, akijua kwamba kubadili fedha kuna makato yake.

Jamaa zetu mlioko Marekani, Ulaya na Omani, nawasihi: kabla hamjanunua kadi yenye utepe, mpigieni simu mtu wenu mumwulize anunua wapi vitu vyake. Idi iliyopita mkono wangu ulifika kwa simu asubuhi, nikautoa kwa wakala karibu na soko la Kilindoni, na kabla ya adhuhuri ulikuwa umekwisha kuwa mchele, nyama na kanga za dada yangu.