Alama ni haki ya nani? Kusoma kanuni za somo la aljebra kwa jicho la falsafa



Katika somo la maadili, fadhila ya haki hufundishwa kwa mifano ya mshahara, ardhi na kodi. Leo tuchukue mfano mdogo zaidi, ingawa umeshawaliza watu wengi: alama za darasani. Wengi wetu waseminari, kabla ya kumaliza safari ya malezi, tutatumwa kufundisha katika seminari ndogo au shule ya jimbo, na frateri mgeni mara nyingi hukabidhiwa somo lisilo na mwalimu, yaani Hisabati. Nanyi waamini mlio wazazi mnapokea ripoti za watoto kila muhula. Basi tuulize: mwalimu anapoandika 64 kwenye karatasi, anatoa zawadi, analipa deni, au anashuhudia ukweli?

Tumechagua somo moja tu, Aljebra ya Kati, kama linavyofundishwa katika vyuo vya jamii vya Marekani, vile vya miaka miwili ambavyo hupokea karibu kila anayeomba. Yaliyomo si mageni: milinganyo ya kipeo cha pili, vipeuo, sehemu zenye herufi, logi. Mengi yake mwanafunzi wetu hukutana nayo kidato cha pili. Lakini kule somo hili limekuwa mlango mwembamba. Kuanzia mwaka 2009, California ilidai aljebra ya kiwango hiki, au somo jingine la hisabati lenye kiwango hichohicho, kwa kila aliyetaka shahada ya miaka miwili, hata kama anasomea muziki. Mwaka 2017 ikapitishwa sheria, AB 705, ya kuzuia vyuo kuwarudisha wanafunzi kwenye madarasa ya kujazia kwa kutegemea mtihani mmoja wa kupima kiwango. Kwa miaka ile yote, mtu aliyefanya kazi usiku na kusoma mchana aliweza kukwama maishani kwa sababu ya C moja aliyoikosa.

Kule hakuna baraza la taifa linalotunga mtihani wa somo hili. Mwalimu mwenyewe hutunga, husahihisha na kutoa daraja. Kwa hiyo siku ya kwanza huwapa wanafunzi karatasi ya kanuni: kila kazi ina uzito gani, anayechelewa atafanywaje, anayekosa mtihani atafanywaje, anayenakili atafanywaje, na saa za mwalimu kuonwa ofisini ni zipi. Karatasi hiyo huchukuliwa kama mkataba.

Tusidhani ni uvumbuzi wa Wamarekani. Wajesuiti, katika mwongozo wao wa elimu wa mwaka 1599 uitwao Ratio Studiorum, waliweka kanuni za mtihani wa kuandika ambazo mwalimu wa leo angeweza kuzibandika mlangoni bila kubadili mengi. Asiyekuwepo siku ya kuandika bila sababu nzito hatahesabiwa. Kila mmoja aje na vifaa vyake ili asiazime kwa jirani. Muda ukiisha, toa ulichonacho. Ukishakabidhi, hurudishiwi kurekebisha. Na kazi mbili zikifanana, zote mbili zinatiliwa shaka, kwa kuwa haijulikani nani kamwibia nani. Hii ya mwisho ni kali, na tutairudia.

Sasa falsafa. Aristotle, katika kitabu cha tano cha Maadili kwa Nikomako, anatofautisha haki ya mgawanyo na haki ya kurekebisha. Ya kwanza hufuata uwiano: alichopata Juma kiwe kwa stahili ya Juma kama alichopata Anna kilivyo kwa stahili ya Anna. Ya pili haiangalii stahili bali kiasi: ulichukua kumi, rudisha kumi. Mtakatifu Thoma wa Akwino aliifuata njia hiyo katika Summa, alipotenganisha haki ya mgawanyo na haki ya mabadilishano. Alama za darasani ni za aina ya kwanza. Mwanafunzi hazinunui kwa ada wala hazilipwi kwa jasho peke yake. Zinagawanywa kwa kipimo cha alichokijua na kukionyesha. Ndiyo maana tunaona si haki ule utaratibu wa kupanga alama kwa kulinganisha wanafunzi, kwamba kumi wa kwanza tu wapate A hata kama ishirini wameweza. Kujua kwako kutafuta kipeuo hakupungui kwa sababu jirani naye anajua. Utaratibu huo pia huwafanya ndugu wa bweni moja kufichana madaftari.

Uwiano unatupeleka kwenye hesabu yenyewe, na hapa tukae kidogo, kwa sababu malalamiko mengi ya alama ni hesabu isiyofanywa. Tuchukue karatasi ya kanuni ya mfano, yenye sura ya kawaida: kazi za nyumbani 15%, majaribio mafupi 20%, majaribio makubwa matatu 40%, mtihani wa mwisho 25%. Madaraja: A kuanzia 90, B kuanzia 80, C kuanzia 70, D kuanzia 60, chini ya hapo F. Mwanafunzi ana 92 katika kazi za nyumbani, 70 katika majaribio mafupi, na wastani wa 64 katika majaribio makubwa. Anajumlisha, anagawa kwa tatu, anapata 75.3, na anakwenda kulala akijua C iko mkononi.

Hesabu ya kweli ni hii: 0.15 × 92 ni 13.8; 0.20 × 70 ni 14, 0.40 × 64 ni 25.6. Jumla 53.4 kati ya 75 zilizokwisha kutolewa, yaani 71.2 kwa mia, siyo 75.3. Zile 92 zilizompa moyo zina uzito mdogo kuliko zote. Alama ya mtihani wa mwisho tuiite x. Ili apate C, lazima 53.4 + 0.25x isipungue 70, kwa hiyo x isipungue 66.4. Ili apate B, x ingepaswa kuwa 106.4, na mtihani una mia tu. B haipo tena, hata akikesha. Mwanafunzi huyu amefundishwa muhula mzima kutafuta x, na x ya kwanza inayomhusu yeye mwenyewe hakuitafuta! Kwa maoni yetu mwalimu angeifanya hesabu hii ubaoni wiki ya kwanza, iwe zoezi la aljebra na zoezi la haki kwa wakati mmoja.

(Wazazi wenye watoto ng'ambo wasishtuke kuona 76 imeandikwa C. Katika mtihani wetu wa kidato cha nne 75 ni A, na D huanzia 30. Mitihani haifanani, kwa hiyo namba mbili zinazofanana hazisemi jambo moja.)

Twende kwenye sifuri. Mwanafunzi ana 80 mara nne, kisha kazi ya tano hakuileta. Wastani unashuka hadi 64, kutoka B hadi D. Sifuri moja imezishinda themanini nne, kwa sababu F imepewa nafasi ya alama sitini na kila daraja jingine kumi tu. Kule Marekani walimu wanabishana juu ya hili: wengine wanataka kazi isiyoletwa ipewe 50, wengine wanasema hiyo ni kumlipa mtu kwa kutofanya kitu. Sisi tunaona kwamba sifuri inasema uongo ikiwa kazi inayopimwa ni ujuzi, maana mwanafunzi huyu si mjinga. Lakini 50 nayo ni uongo, kwa kuwa hakuna alichokiandika. Njia wanayotumia walimu wengi inatupendeza zaidi: jaribio fupi lenye alama ya chini kabisa linaondolewa kwa kila mwanafunzi. Huruma imetangazwa siku ya kwanza, imetolewa kwa wote, na hakuna aliyehitaji kumwangukia mwalimu magoti kueleza habari za nyumbani kwake.

Majaribio makubwa hayaondolewi kirahisi hivyo. Tuseme mwanafunzi amepata 75 na 81, jaribio la tatu akalikosa, na mtihani wa mwisho akapata 72. Ukimpa sifuri, wastani wa majaribio yake ni 52. Ukiruhusu alama ya mtihani wa mwisho ikae mahali pa jaribio alilokosa, wastani ni 76. Tofauti ya 24, ikizidishwa kwa 0.40, ni alama 9.6 katika jumla, karibu daraja zima. Sasa mwulize kwa nini hakuja. Kama alikuwa kwenye mazishi ya baba yake, kanuni isemayo "hakuna jaribio la kurudia" inatenda kosa, ingawa haikukosewa ilipoandikwa. Aristotle aliliona hili: sheria husema kwa ujumla, na maisha huleta jambo moja moja. Anautaja ule ufito wa risasi uliotumiwa na waashi wa Lesbos, unaopinda kufuata umbo la jiwe. Thoma anaiita fadhila hiyo epikeia, na kwake ni sehemu ya haki yenyewe, siyo ruhusa ya kuikimbia. Mwenye epikeia anauliza mtunga sheria angetaka nini kama angekuwa hapa.

Lakini ufito unaopinda kwa kila jiwe haupimi kitu. Ndiyo sababu karatasi nyingi za kanuni hutaka taarifa kabla ya jaribio na ushahidi baadaye. Tunakubali taarifa. Kuhusu ushahidi tuna wasiwasi kidogo, kwani mtoto wa mtu mwenye gari hupata cheti cha daktari siku hiyohiyo, na yule aliyemuuguza bibi kijijini hana wa kumwandikia.

Tuirudie ile kanuni ya Wajesuiti juu ya kazi mbili zinazofanana. Kutilia shaka zote mbili ni sawa. Kuadhibu zote mbili bila kuuliza siyo. Katika aljebra kuna njia rahisi. Waite wote wawili, mmoja mmoja, kila mmoja atatue ubaoni swali la aina ileile. Aliyeandika mwenyewe atakosea hapa na pale lakini atajua kwa nini alihamisha namba upande wa pili. Aliyenakili atakumbuka mistari, ukimbadilishia namba hana pa kushika. Sisi tunaojiandaa kusimama altareni hatuna haja ya kuhubiriwa zaidi kuhusu kuchungulia.

Jambo jingine la haraka: sheria ya Marekani ya mwaka 1974 inalinda kumbukumbu za mwanafunzi, na mwalimu wa chuo haruhusiwi kubandika alama zenye majina. Hapa kwetu tumezoea orodha ubaoni, kutoka wa kwanza hadi wa mwisho, na watoto wakisukumana kuitazama. Ni vema tujiulize yule wa mwisho anajifunza nini pale zaidi ya aibu.

Imebaki ile nusu alama. Mwanafunzi ana 69.4, C ni 70, na anasimama mlangoni kwako. Ni mtoto wa katekista, anakusaidia kupanga vitabu, hajawahi kukosa kipindi. Thoma ana mfano unaofaa. Ukimpa mtu kiti cha kufundisha kwa sababu ana elimu ya kutosha, umeangalia sababu inayostahili. Ukimpa kwa sababu yeye ni Petro au Martino, huo ni upendeleo, nao ni dhambi dhidi ya haki ya mgawanyo. Kumwongezea mtoto huyu kwa wema wake ni kumpa kwa sababu ni Martino. Lakini kusahihisha kwetu nako kuna makosa: uchovu wa karatasi ya arobaini, hatua sahihi tuliyoiruka kwa sababu jibu la mwisho halikuwa sawa. Kwa hiyo usiichukue karatasi yake peke yake. Chukua karatasi za wote walio ndani ya alama moja ya mpaka, wa juu na wa chini, funika majina, uzisome upya. Alama ikipatikana, ni yake na ilikuwa yake tangu mwanzo. Isipopatikana, mwite ndani, mwonyeshe ni swali gani lilimwangusha, na mpangie siku ya kuanza kulifanyia kazi kabla ya muhula ujao.