Siku ya 85

Mjukuu wangu wa kwanza alizaliwa Dar es Salaam katikati ya Novemba, na mimi nikapanda basi kesho yake. Sikupanga chochote. Nilibeba unga wa ulezi na karanga, nikamwachia mzee wangu kilo 20 za mbegu za mahindi pamoja na maelekezo ya kupewa mtu mlangoni. Nilipofika nikakuta nyumba imejaa. Mama yake mkwe wangu alikwishatangulia: maji ya kukanda yako jikoni, mtori uko mezani, mtoto yuko mikononi mwake. Mimi nikawa mtu wa kukaa kwenye kochi nikisubiri zamu ya kupakata. Wiki tatu nzima. Huku kwetu Ruhuwiko, Songea, mvua zikashuka, mzee akapanda nusu ya shamba, nusu nyingine ikaingia Krismasi ikiwa majani.

Februari ndiyo ikaja simu yenyewe. Likizo ya mkwe imekwisha, dada wa kazi ameondoka bila kuaga, mtoto hana wa kubaki naye. "Mama, unaweza kuja?" Nilikuwa shambani na ndoo ya urea mkononi, nakuzia mahindi yaliyochelewa kwa sababu ya safari yangu ya kwanza. Sikwenda. Kijana wangu hakuninunia, lakini mimi mwenyewe nilijinunia.

Kosa langu lilikuwa la hesabu, na hesabu nimefundisha miaka mingi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mpigo. Baba anapewa siku tatu, ambazo zinaishia kwenye kununua vitu na kupokea simu za pongezi. Kwa hiyo siku ambayo nyumba ya vijana inapungukiwa mtu ni ile ya 85. Siku ya kwanza kila mtu yupo. Ya 85 wageni wamekwisha, kanga za zawadi zimekunjwa kabatini, na saa kumi na moja alfajiri mama mtoto anatakiwa awe kituoni kusubiri daladala.

Basi ukisikia mwanao au mkweo ni mjamzito na ameajiriwa, uliza jambo moja mapema: likizo yake inaanza lini? Usihesabu kutoka kuzaliwa. Sheria inamruhusu kuianza hadi wiki nne kabla ya tarehe ya matarajio, na wengi huianza mapema miguu ikivimba. Aliyeanza wiki mbili kabla atarudi kazini mtoto akiwa na wiki kumi tu. Andika tarehe hiyo kwenye kalenda ya ukutani kwa kalamu nyekundu, halafu ndipo uweke shamba pembeni yake uone vinagongana wapi.

Shamba nalo halina simu ya kuliomba lisubiri. Kwetu Songea mvua ni msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi Aprili. Kupanda, palizi na mbolea ya kukuzia vinakula Desemba, Januari na sehemu ya Februari. Machi na Aprili mahindi yanajitegemea kidogo, ukiacha jicho la kuangalia viwavijeshi. Mei hadi Julai ni kuvuna, kupukuchua na kuanika. Kuanzia Julai ni kuuza, na hapo NFRA, wakala wa taifa wa hifadhi ya chakula, wanapofungua vituo vya kununua kila mtu anataka awe mbele ya foleni. Ukitazama vizuri utaona kuna milango miwili ya kutokea: Machi na Aprili, halafu kuanzia katikati ya Agosti hadi Oktoba. Siku ya 85 ikiangukia humo, nendeni wote wawili mkafurahi. Ikiangukia Januari, aende mmoja. Nasema mmoja kwa sababu nimeona wenzangu wanaofunga nyumba na kuondoka wote msimu wa palizi, wakirudi wanakuta vibarua walikula posho na magugu yakala mahindi.

Huko Marekani wapo wastaafu waliouza nyumba, wanaishi ndani ya gari lenye kitanda na jiko, na kila Oktoba wanakwenda majimbo kama North Dakota kufanya kibarua cha kuvuna viazi sukari, kisha wanaendesha kwenda kuona wajukuu. Nawaonea wivu kidogo. Sisi nyumba yetu haina magurudumu, ila tuna basi, na kazi ya msimu tunayo hata bila kuitafuta mbali. Shida ni kuchagua ipi.

Hapa nitakuwa mkali. Mstaafu mwenye wajukuu mikoani asilime tumbaku. Najua Namtumbo wanalima na fedha yake ni ya mkupuo, lakini tumbaku inakufunga tangu kitaluni hadi kwenye bani, na wakati wa kukausha huwezi kutoka hata kwenda harusi. Kuchuma kahawa Mbinga ni kazi nzuri, kilomita kama mia moja tu kutoka kwetu kwa barabara ya lami, lakini ya kulipwa kwa debe waachie wenye migongo ya miaka ishirini. Mtu wa miaka 60 afuate kazi inayotumia macho na kalamu. Vyama vya ushirika vya msingi, AMCOS, vinahitaji watu wa kuandika mizani wakati wa msimu: ufuta katikati ya mwaka, kahawa baada yake, na korosho kule Tunduru kuanzia Oktoba. Mwalimu, karani au mhasibu mstaafu anayeaminika kijijini hapungukiwi nafasi hizo, na zina mwanzo na mwisho unaojulikana. Ukikubali, sema mapema utaondoka lini. Anayeaga vizuri huitwa tena mwaka unaofuata.

Kazi nyingine inayoendana na safari ni kulaza mahindi. Ukiyakausha sawasawa, yaani unyevu usizidi asilimia 13.5 ambayo ndiyo wanunuzi wakubwa wanapima, ukayachekecha na kuyatia kwenye ile mifuko yenye tabaka za ndani zisizopitisha hewa, dumuzi wanakufa wenyewe bila dawa. Unafunga kwa mpira, unapanga juu ya mbao mbali na ukuta, unaondoka miezi miwili. Sharti moja: asifungue mtu. Mzee wangu alifungua mfuko mmoja "kuonja tu", na huo ndio tuliokula wenyewe.

Mbolea ya ruzuku ina utaratibu wake. Tangu msimu wa 2022/23 anayeipata ni mkulima aliyesajiliwa, na ujumbe wa namba unakwenda kwenye simu iliyoandikishwa. Ukiondoka na simu hiyo Dar, anayebaki atafika dukani mikono mitupu. Andikisheni namba ya anayebaki shambani. Uhakiki wa pensheni ni kinyume chake: kwa walio kwenye mfuko wa PSSSF unafanyika kwa simu kwa kupiga picha ya uso, kwa hiyo simu yenye programu hiyo isafiri nawe. Kadi ya bima isibaki kabatini, wala dawa za presha, na zihesabu zizidi siku za safari kwa wiki moja.

Kuhusu barabara yenyewe. Songea hadi Dar ni karibu kilomita 950, unapanda Lukumburu, unapita Njombe na Makambako, unashuka Kitonga, unakatiza Mikumi. Tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa kutembea usiku na vijana wanayapenda. Mimi siyapendi. Miguu yangu ikikaa chini saa kumi na tano inavimba kama maandazi, kwa hiyo nakata safari, nalala Makambako, au Iringa kwa ndugu. Usafiri wa ndege upo, tena sisi wa Ruhuwiko tunausikia kabla ya wengine maana uwanja uko kwetu, lakini tiketi ya ndege nimeiweka fungu la misiba na upasuaji. Na nauli ya basi, jamani, isiwe fumbo. Kabla sijaondoka namuuliza kijana wazi: kwenda ni yako au yangu, kurudi ni ya nani? Aibu ya dakika mbili kwenye simu ni nafuu kuliko kukwama stendi ya Mbezi ukisubiri mshahara wa mtu.

Ukifika, fika siku tano kabla. Siku hizo mama bado yuko nyumbani, mtoto anakuzoea akiwa bado na harufu ya mama chumbani, na wewe unajifunza nyumba: jiko lao linawashwaje, dawa zinakaa wapi, chanjo ijayo ni lini. Soma kadi ya kliniki. Baada ya zile za kuzaliwa kuna za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na mara nyingi hiyo ya mwisho inaangukia mikononi mwa bibi. Mkumbushe mkweo pia kwamba sheria inampa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Kwa foleni za Dar hawezi kuja na kurudi, lakini anaweza kumwomba mwajiri amruhusu azitumie jioni, atoke mapema. Wengi hawajui, au wanaona haya kuomba.

Na mama yake mkweo mwachie siku za mwanzo. Mila yenyewe ndivyo inavyosema kwa mzazi wa kwanza, na yeye ndiye anayejua binti yake analia vipi. Nilimpigia simu kabla ya mjukuu wa pili: "Dada, wewe chukua wiki sita za kwanza, mimi nitapokea." Akacheka, akasema alidhani nitamgombea tena kochi.

Jambo moja ambalo kalenda haimalizi ni misiba. Ukikaa Dar miezi miwili mtaa wako utazika bila wewe, na Ruhuwiko tunahesabiana. Mkabidhi jirani mmoja, mtumie rambirambi kwa simu siku hiyohiyo, ukirudi nenda ukahani hata kama mwezi umepita. Michango ya kikundi nayo iende kwa tarehe yake.

Huyo wa pili alizaliwa Oktoba. Siku ya 85 ikaangukia Januari, palizi imewaka moto. Mzee akabaki, nikaenda peke yangu. Asubuhi ile mama yake alipofunga geti, mtoto alinitazama, akatazama geti, akaanza. Alilia mpaka saa nne. Nilimnywesha maziwa yaliyokamuliwa kwa kikombe, nusu yakaingia mdomoni, nusu kwenye kanga yangu. Kisha akalala mgongoni, na mimi nikatoka polepole barazani kupiga simu Ruhuwiko kuuliza kama palizi imemalizika.