Dondoo muhimu: Waranti ya maisha ya mashine ya kukimbilia

Kabla ya kudai, soma karatasi ya waranti hadi mstari wa mwisho. Hayo "maisha" mara nyingi ni ya fremu peke yake. Mota ina miaka yake, mkanda na skrini vina yao, na ujira wa fundi huwa mwaka mmoja au miwili tu. Ulinunua kwa mtu? Kampuni nyingi humtambua mnunuzi wa kwanza pekee.

Risiti hufifia. Yangu niliikuta nyeupe pee, hata tarehe haisomeki. Ipige picha siku hiyohiyo, pamoja na namba ya mashine iliyobandikwa kwenye fremu. Fremu ikipasuka, weka rula kando ya ufa, piga picha, na usimruhusu mtu auchomelee kabla hujajibiwa.

Dai kwa maandishi, maana maneno ya simuni hayana ushahidi. Kama uko Marekani, itaje sheria ya Magnuson-Moss ya 1975: kampuni haiwezi kukunyima haki yako eti kwa sababu tu ulimwita fundi wa nje. Ni juu yake kuonyesha kwamba fundi huyo ndiye aliyeiharibu mashine.